Soksi ya Kijani Usoni

Jumatano, 3 Julai

Mwani umejaa tena. Ufuko wote wa kijani, unanuka, na matrekta ya manispaa yanauzoa kama majani ya ng'ombe. Tukaogelea hivyo hivyo. Shufen alitoka majini na fungu la mwani begani, akasema amepata mtandio wa bure.

Ninaandika kwenye benchi, nywele zinakauka. Nyumbani siandiki. Mwanangu Ningke akija hupekua kila kitu, huyo angefaa kuwa polisi.

Soksi yangu mpya ya uso nzuri. Kijani kibichi, matundu ya macho, pua na mdomo, inateremka mpaka mabegani. Jua halioni mlango wa kuingilia. Muuzaji alitupunguzia bei kwa kuchukua mbili, kwa hiyo sasa mimi na Shufen ni pacha. Maumbo nayo – tulisimama kwenye mashine moja kiwanda cha nguo mpaka tukastaafu, tukanenepa pamoja. Watalii wa bara wametupiga picha tena. Mama mmoja akamwuliza mumewe kama sisi ni majambazi. Shufen akamwambia ndiyo, weka mkoba chini upite.

Mzee Chi akaja kuogelea upande wangu kama kawaida. Alikuwa akiendesha kreni bandarini, sasa mstaafu, mkewe alifariki zamani. Akasifia rangi ya soksi. Akasema yeye hata jua limbabue hawezi kuiazima, maana mwanamume akivaa kijani kichwani hapa Qingdao, watu huuliza mkewe analala kwa nani. Nikamwambia mkeo yuko kaburini, nani atauliza? Alicheka mpaka akameza maji.

Mtu huyu ananichekesha. Naandika tu, sina maana yoyote.

Jumapili, 7 Julai

Ningke alikuja jana kutoka Jinan, ameondoka leo. Kaniletea mwavuli wa kuzuia jua, mweusi ndani, maua nje. Kabla sijaushika akanyoosha kiganja: Mama, nipe yuan moja. Maana mwavuli hautolewi zawadi. Ukimpa mtu mwavuli umemwambia tuagane. Akikulipa chochote, ameununua, mkosi hakuna. Msichana amesomea kompyuta chuo kikuu na bado anaogopa mwavuli! Lakini nami nilikwenda kutafuta sarafu mbiombio. Siku hizi watu wote wanalipa kwa simu, sarafu adimu. Nilikuwa nazo mbili kwenye mfuko wa taulo, za basi. Nikampa moja.

Kisha akanivua barakoa bila hodi. Akanikagua kama anayenunua ng'ombe. Mama, yamezidi.

Najua yamezidi, kioo ninacho. Mabaka mawili mashavuni, la kushoto linakaribia sikio. Moja kwenye paji. Na lile la juu ya mdomo, ambalo kwa mbali ni masharubu. Yalianza nilipokuwa na mimba yake yeye mwenyewe, yakafifia, nilipokaribia kukoma hedhi yakarudi na jamaa zake. Majirani wanasema ni ini. Mwanamke akimeza hasira miaka na miaka, ini humrudishia usoni. Mama yangu alisema hivyo hivyo. Marehemu mume wangu alinishibisha hasira, sikatai, lakini huu ni mwaka wa tano yuko chini. Ingekuwa hasira si ingekuwa imekwisha?

Ningke anataka niende hospitali, idara ya ngozi. Nikamwambia hospitali ni ya wagonjwa. Akavuta mdomo mpaka kituo cha treni.

Alhamisi, 11 Julai

Leo kuna jambo.

Mzee Chi, katikati ya maji, bila kunitazama, akasema dada yake anauliza kama Sikukuu ya Mwezi nitakwenda kula kwake. Jiaozi za samaki, vile vifuko vya unga vya kuchemsha, unga anakanda mwenyewe, kila moja kubwa kama kiatu cha mtoto mchanga. Huyo dada ndiye mkubwa wao, ndiye aliyemlea. Kwa hiyo si chakula tu. Mwanamke haalikwi kwa dada mkubwa wa mwanamume siku ya mwezi kwa sababu ni jirani mwema. Yeye anajua, mimi najua.

Nikasema nitakuja. Ilinitoka tu!

Nimefika kwenye benchi ndipo nikakumbuka: hajawahi kuniona uso. Majini nina soksi. Nchi kavu nina kofia pana na barakoa, kama nusu ya wanawake wa mji huu. Misimu miwili tunaongea. Anajua goti langu la kulia lilipasuliwa. Anajua ndoa yangu. Anajua mimi ndiye mtu pekee wa mkoa wetu wa Shandong asiyekula kitunguu saumu kibichi. Uso haujui. Na jiaozi haziliwi na barakoa.

Nimemweleza Shufen. Akasema nenda na soksi, tundu la mdomo si lipo? Mpuuzi yule.

Naogopa. Nina miaka hamsini na mitatu, nina mkopo wa nyumba niliomaliza, nimezika mume, na naogopa sahani ya jiaozi.

Jumatatu, 15 Julai

Shufen kanipeleka saluni anayoijua binamu yake, nyuma ya soko la samaki. Mwenye saluni ana ngozi kama kaure. Hapo kila anayeingia ni mrembo. Mrembo, keti. Mrembo, ni ini hilo, sumu imejaa. Ana kopo jeupe, halina maandishi yoyote ila ua la dhahabu. Krimu ya siri ya ukoo wao. Usiku paka nene, asubuhi sugua na taulo ya moto mpaka ngozi ipige kelele. Kabla ya Sikukuu ya Mwezi utakuwa yai lililomenywa.

Nikamwuliza ndani mna nini. Akasema lulu iliyosagwa na mitishamba saba.

Bei nisiiandike. Nimechukua.

Jumamosi, 20 Julai

Mungu wangu. Inafanya kazi!

Leo asubuhi bafuni nilidhani taa imebadilishwa. Masharubu yamekwenda nusu. Shavu la kushoto laini, linang'aa. Nimepita mbele ya kioo mara nyingi kuliko msichana wa shule. Hata barakoa niliiteremsha kidogo ndani ya basi, kijana akanipisha nikae, sijui kwa urembo au kwa uzee.

Mzee Chi aliniletea bia ya mfuko, baridi, na mrija. Nikainywa kupitia soksi. Akasema unakunywa kama mbu. Nikamwambia subiri, siku si nyingi utaniona ninavyokunywa.

Ijumaa, 26 Julai

Uso unawaka. Si maneno ya kuandika tu, unawaka kweli, kama nimeulalia unga wa pilipili. Mwekundu, umevimba chini ya macho, vipele vidogo vidogo kidevuni. Maji ya chumvi siyawezi. Sikuingia baharini.

Nikaenda saluni. Mwenyewe akapiga makofi. Hongera mrembo, sumu inatoka! Wengi hulia hapa wakaacha katikati, sumu ikarudi ndani. Wewe ongeza. Paka asubuhi pia.

Na mimi nikaamini. Niandike ukweli: nikaamini kwa sababu nilitaka. Tumelelewa hivyo, kila kinachouma kinasafisha. Dawa chungu ndiyo dawa, na mtoto akiharisha bibi anashangilia.

Jumanne, 30 Julai

Nimepaka asubuhi pia. Jicho la kushoto halifunguki vizuri.

Mkorogo. Neno lenyewe hilo. Mtu mzima nimeuziwa mkorogo.

Jumatano, 31 Julai

Hospitali. Foleni mpaka nje. Daktari ni msichana, Sui, mdogo kuliko Ningke kwa kumtazama, anavaa viatu vya michezo. Akaniita Shangazi. Akaniwekea taa ya zambarau usoni, akazima ya chumba. Kisha akauliza: Shangazi, umeleta kopo?

Nililileta. Akalinusa, akaligeuza chini juu. Akasema dawa isiyojisema jina ndiyo ya kuogopa. Kwa jinsi ngozi ilivyong'aa siku chache halafu ikapasuka, humo ndani kuna dawa kali ya hospitali, ile inayokandamiza mwasho na kula ngozi ikawa kama karatasi. Lulu haifanyi hivyo. Nikamwambia lakini sumu... Akasema hakuna sumu inayotoka, Shangazi. Hiyo ni ngozi yako inaomba msaada.

Alisema bila kunidharau, ndiyo maana iliuma.

Akaendelea, na mimi nikauliza kila kitu maana nimelipa. Si ini. Si hasira. Ngozi ina vijidudu vyake vya kutengeneza rangi – hakusema vijidudu, alisema seli – na vyangu ni vyepesi kushtuka. Mimba ilivishtua. Kukoma hedhi kukavishtua. Jua linavishtua kila siku, hata kupitia dirisha, hata siku ya mawingu. Joto nalo, mvuke wa sufuria. Na kusugua! Akaniuliza naosha uso kwa kitu gani. Kwa taulo ngumu, kama alivyonifundisha mama, mpaka uwe mwekundu. Akafumba macho.

Na soksi? Nikamwonyesha, nilikuwa nayo mkobani. Akacheka, akasema bibi yake anayo ya bluu. Inazuia jua, vizuri. Lakini inabana, na kitambaa kibichi kinasaga mashavu kila mkono unaporushwa. Akaiweka usoni kwangu akanionyesha: mshono unapita juu ya baka la kushoto, mstari kwa mstari. Nilichokivaa kujificha ndicho kilichokuwa kikinichora! Akasema vaa kubwa zaidi, au ogelea jioni.

Nikamwuliza litapona lini. Akasema haliponi, linatunzwa. Kama presha. Kuna watu wana presha na wanazika wenzao. Kwanza ngozi itulie, mafuta ya kawaida tu na maji ya uvuguvugu, mikono isiyokwaruza. Ikitulia, krimu nyepesi ya usiku, pole pole. Mafuta ya kukinga jua kila asubuhi, yale yenye rangi ya ngozi, si tone moja, yajae vidole viwili. Kuna vidonge pia, lakini aliposikia damu iliwahi kuganda mguuni baada ya kupasuliwa goti, akavifuta kwenye karatasi. Vyombo vya mwanga vya kuchoma mabaka? Kwa ngozi hii sasa hivi, akasema, ni kumwagia petroli.

Nikauliza kwa sauti ndogo: na kabla ya Sikukuu ya Mwezi?

Akahesabu kwa macho. Kabla ya sikukuu, Shangazi, tutashukuru ukirudi ulipokuwa.

Jumanne, 6 Agosti

Nimerudi majini, jioni, na soksi ya Shufen ya zamani iliyolegea. Hapana, nirekebishe: soksi yake ya kijani, ile pacha, maana yeye aliinunua kubwa. Yangu inayobana nimempa yeye. Kichwa chake kidogo.

Mzee Chi alisema ameniona kimya. Nikamwambia daktari amenikataza jua, ngozi yangu haielewani nalo. Akauliza maswali mengi, hata ya mvuke wa sufuria. Sikudhani mwanamume anaweza kuuliza kuhusu mvuke wa sufuria. Sikumwambia mabaka. Nilisema ngozi tu.

Halafu akaharibu. Akasema siku hizi vijana wa kiume nao wanatembea na miavuli juani! Jana kamwona mmoja mbele ya benki, mwavuli wa rangi ya waridi, akadhani anamsindikiza bibi harusi. Akasema wenzake wa bandarini wakimwona yeye na kitu kile wataandika barua kwa wanawe. Mimi nife kwanza, akasema.

Mimi nikacheka. Mwavuli wa Ningke ulikuwa kwenye benchi, maua juu.

Jumatano, 14 Agosti

Sijui niandikeje.

Leo maji yalikuwa tulivu. Alikuwa na furaha, dada yake ameshanunua samaki wa kugandisha kwa ajili ya kujaribu mapishi. Akasema: nataka nikwambie kitu usinikasirikie. Wiki iliyopita, asubuhi, pale kwenye bomba la kujisuuza, nilikuona umevua soksi. Sikukusudia, nilikuwa napita. Kumbe una uso mweupe laini hivyo, kama tofu iliyotoka sasa hivi! Na unajifichaficha siku zote, unaringa.

Mimi sijawahi kuvua soksi kwenye bomba. Wiki iliyopita asubuhi sikuwapo kabisa.

Nikasema ahaa. Nikaogelea mpaka kwenye boya, na goti hili.

Alhamisi, 15 Agosti

Nilimwambia Shufen kwenye ngazi za ufuko. Akacheka mpaka akakaa chini, mbavu hana. Kisha ghafla akaacha. Ngoja, akasema. Ngoja kwanza. Kumbe ndiyo maana! Asubuhi moja Mzee Chi alimfuata majini akamwuliza goti linaendeleaje, limeacha kuuma akipanda ngazi za ghorofani? Shufen akamjibu goti zima, labda lako. Akadhani mzee ameanza kuchanganyikiwa, akamhurumia. Siku nyingine akampa yai la chumvi. Shufen akala.

Umekula yai langu, nikamwambia.

Lilikuwa zuri, akasema.

Basi ndivyo ilivyo. Mzee Chi ana mwanamke mmoja wa soksi ya kijani kichwani mwake, mwenye maneno yangu na sura ya Shufen. Shufen mwenyewe ana mume, wa kukoroma, halaliki naye wala haachiki. Akanitania nikuazime uso siku moja tu, utanirudishia baada ya jiaozi? Nikacheka. Nilipofika nyumbani nikalia. Si sana. Machozi yana chumvi, daktari hakuyataja, lakini nadhani nayo yanachoma.

Ijumaa, 30 Agosti

Kwa Daktari Sui tena. Wekundu umekwisha. Mabaka yapo palepale, la kushoto limekuwa jeusi kidogo kuliko Julai. Akapiga picha, akaziweka mbili sambamba kwenye kompyuta, akaridhika. Mimi sikuridhika. Akasema Shangazi, ngozi imetulia, hiyo ndiyo habari. Krimu ya usiku tuanze, punje tu, usiku mmoja ukipaka mmoja uache. Majira ya baridi utaona tofauti. Na kiangazi? nikauliza.

Kiangazi yatachungulia, akasema. Utakuwa umeyazoea, nayo yamekuzoea.

Nikaona kwenye paji la daktari, chini ya mafuta yake ya rangi, kivuli kidogo. Sikuuliza.

Jumapili, 8 Septemba

Shufen alikuja na poda zake kufanya jaribio. Tabaka la kwanza, la pili, la tatu. Mabaka yakapotea, kweli. Nami nikapotea nayo. Nilipotabasamu ikapasuka pembeni mwa mdomo. Shufen akasema unafanana na jiaozi iliyosahauliwa kwenye unga.

Ningke kwenye simu: Mama, mwambie tu. Ni mtu mzima, una mabaka, hujaua mtu. Nikamwambia wewe una miaka ishirini na minane na ngozi ya baba yako, huna la kunifundisha. Akasema baba aliwahi kukusema? Nikakata simu.

Alinisema. Ningke alikuwa mdogo, hakumbuki. Mbele ya wageni, mwaka mpya, alisema ameoa mwanamke, akaletewa ramani. Watu walicheka, nami nilicheka, nikaenda jikoni kuongeza maji ya jiaozi. Nimeishi na mvuke ule.

Naona haya. Naona haya kwa mabaka, halafu naona haya kwa kuona haya. Hilo la pili linanichosha zaidi.

Jumamosi, 14 Septemba

Dada yake Mzee Chi amenitumia ujumbe wa sauti. Sauti nzito, ya amri. Anauliza kama nakula siki nyingi au kidogo. Anasema mdogo wake, Depu, hazungumzi kingine ila mimi, amechoka kusikia. Anasema Depu ameniambia una uso wa tofu, sisi wengine tujipange.

Nimeusikiliza mara kadhaa. Nikajibu: siki nyingi.

Jumatatu, 16 Septemba

Kesho ndiyo sikukuu. Nimeamua leo asubuhi nikioga: ni heri anione hapa, penye bahari ya kutazama, kuliko mezani kwa dada yake, vijiti vikiwa hewani.

Sikuvaa soksi. Sikuvaa barakoa. Mafuta ya kukinga jua yenye rangi, vidole viwili, kama nilivyofundishwa. Yanatuliza kidogo, hayafichi. Kofia. Mwavuli nimeusahau kwenye basi! Siku ya siku ndiyo nausahau. Nimekaa kwenye benchi na jua limesimama wima, hakuna hata wingu la dawa.

Shufen yuko majini na soksi yake ya kijani. Nilimwona Mzee Chi anamwendea, anaongea, Shufen anatikisa kichwa, ananyoosha mkono huku kwenye benchi. Mzee Chi akatoka majini. Akaja moja kwa moja. Akanipita. Akasimama, akatazama kulia, akatazama kushoto, akarudi, na kwa adabu zote akaniita Mwalimu, kama tunavyomwita yeyote tusiyemjua. Mwalimu, hujamwona dada mmoja wa soksi ya kijani? Mwenzake kanielekeza huku.

Nikamwambia: goti linamsumbua, leo hakuingia majini.

Taulo ilimponyoka. Sauti yangu anaijua kuliko mwanangu.

Nikasema yote kwa mkupuo, nikiangalia maji. Uliyemwona kwenye bomba ni Shufen. Yai la chumvi alikula Shufen. Wa goti ni mimi, na sura yangu ndiyo hii. Nilipaka mkorogo ili uone nyingine, nikaharibu zaidi. Daktari amesema baka haliponi, linatunzwa. Majira ya baridi litafifia, kiangazi litarudi. Dada yako ameambiwa tofu, na hakuna tofu. Kama kesho hutaki niende, sema sasa, nitamwambia mwenyewe kwamba naumwa.

Aliniangalia. Si kwa kuiba jicho – aliniangalia kama alivyokuwa akiangalia kontena kabla ya kulinyanyua, nadhani. Paji, shavu, shavu, mdomo. Mimi nikamwachia aangalie. Mikono nikaikalia.

Halafu akasema: kaa hapo hapo. Usiondoke.

Akavaa ndara, ya kushoto mguu wa kulia, akapanda ngazi kuelekea barabarani.

Ninaandika ili mikono ipate kazi. Shufen bado yuko majini, ananipungia, anauliza kwa ishara.

Amempita muuza mahindi. Amesimama kwenye kibanda cha maboya. Anaonyesha kitu juu, muuzaji anakishusha kwa fimbo. Sasa wanabishana bei! Mtu huyu angebishana bei hata ya jeneza lake.

Anarudi. Ana kitu kirefu mkononi.

Mwavuli. Zambarau, wa watalii, una marinda pembeni. Ameushika katikati, mbali na mwili, kama kuku wa watu. Wenzake wa bandarini wako kwenye ngazi wanacheza karata. Wamemwona. Mmoja amepiga mluzi, mwingine anauliza bibi harusi yuko wapi. Hajageuka. Masikio yake mekundu, nayaona hadi hapa.

Bado hajaufungua.

Akiufungua juu yangu, ni jambo moja. Akinikabidhi umefungwa, ni jingine, na hakuna mtu wa mji huu asiyejua ni lipi. Naye anajua. Amefika ngazi ya mwisho, anakanyaga mchanga, uso wake sijui umesema nini, jua linanipiga machoni.

Nimeingiza mkono kwenye mfuko wa taulo. Ile sarafu nyingine ya basi bado ipo. Nimeishika.